Mji Unapaa, Nyumba ya Mkwe Imetulia

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Mwalimu amesimama mbele ya ramani yake, mdomo wazi, baada ya Mpimaji wa Idara ya Madaraja kuweka karatasi moja mezani na kusema, "Daraja halijasogea." Mdomo bado uko wazi. Tuendelee.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa ajili ya kurasa za mpira ukapotea njia, karibu, kaa hapo pembeni nikueleze upesi. Mwalimu alikuwa anafundisha fizikia, akaacha ajira ya kudumu na kufungua kampuni. Kampuni ina watu wawili: yeye na shemeji yake, mdogo wa mumewe. Wanachukua picha za rada za setilaiti, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bure, wanazichambua, kisha wanawauzia wenye madaraja na mabomba jibu la swali moja. Ardhi iliyo chini yako inasogea au imetulia? Mume mwenyewe yuko safari ya kikazi, na hadithi hii haijawahi kumhitaji.

Leo Idara ya Madaraja inaamua. Ikisaini mkataba, kampuni inaishi. Isiposaini, Mwalimu anarudi kumwomba mkuu wa shule nafasi ambayo keshapewa mtu mwingine, tena mtu mwenyewe anafundisha vizuri.

Mhandisi Mkuu, mama wa miwani ya kuning'inia shingoni, aliichukua karatasi ya Mpimaji, akaisoma, akairudisha mezani.

"Mwalimu, ramani yako inasema daraja la mto limepanda."

"Ndiyo, mama."

"Mpimaji amekwenda na darubini yake, anasema liko palepale."

"Nimelipima mwenyewe," Mpimaji akasema. "Sina ubaya na dada huyu. Lakini daraja si mkate, haliumuki."

Mhandisi Mkuu akavaa miwani. "Na soko?"

"Limepanda," Mwalimu akajibu.

"Stesheni?"

"Nayo imepanda."

"Mahakama?"

Mwalimu akaitazama ramani kama mtu anayesoma matokeo ya mtoto wake. "Imepanda. Kiasi kilekile."

"Kwa hiyo mji mzima unapaa."

Hapo shemeji akaona zamu yake imefika. Huyu mtaani wanamwita Hakuna Shida, maana hajawahi kujibu swali kwa maneno mengine. "Hakuna shida, mama," akasema. "Kupaa ni afadhali kuliko kuzama."

Hakuna aliyecheka. Mpimaji alitaka, akakohoa badala yake.

"Na jengo hili tulilomo?"

"Hili limetulia kabisa," Mwalimu akasema, kwa mara ya kwanza na sauti ya mtu mzima. "Hili, na mtaa huu wote mpaka nyumbani kwetu. Halijasogea hata unywele."

"Angalau sisi tuko salama," Mhandisi Mkuu akasema.

Msomaji, hilo liweke mfukoni. Tutalihitaji.

"Sasa nakuuliza swali nitakaloulizwa na bodi," Mhandisi Mkuu akaendelea. "Picha hizi ni bure. Nikulipe kwa lipi?"

Swali hili Mwalimu alikuwa amelijibu mara nyingi kwenye kioo. "Maji ya mtoni ni bure, mama. Kazi ni kuyafikisha ghorofa ya tatu."

"Vizuri. Lakini haya uliyonifikishia yana tope." Akafunga jalada. "Bodi inarudi saa tisa. Njoo na maelezo. Ukiyakosa, usijisumbue kuja."

Mhudumu wa ofisi akawafungulia mlango. Aliushika kwa mikono miwili, akaegemeza mguu ukutani, akavuta. Walipotoka akaurudisha kwa nyonga, bila kuacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Walipanda mtaa kwa miguu. Nyumbani ni juu kidogo, mtaa uleule, na ndiko iliko ofisi.

"Shemeji," Hakuna Shida akasema, "mimi naona tubadilishe rangi za ramani. Tuweke kijani kila mahali. Watu wakiona kijani hawaulizi."

"Nyamaza nifikiri."

"Hakuna shida."

Nyumba ni ya baba mkwe. Kama umewahi kulala katika mji huu chini ya dari isiyovuja, huenda aliijenga yeye. Amestaafu, lakini mikono haijapata taarifa. Walimkuta uani, ameulaza mlango wa jikoni juu ya vibao viwili, anaupiga randa upande wa chini. Maranda yalikuwa yamemjaa miguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmesaini?"

"Bado. Mlango umefanya nini?"

"Umevimba. Mbao ni kama binadamu, ikilowa inanuna."

Mvua haijanyesha tangu watoto wafunge shule. Mwalimu hakulisema hilo. Alikuwa na mambo yake.

Mlango wa ofisi yao, chumba cha nyuma, nao ulikuwa umenuna. Shemeji akaupiga bega, ukakubali. Ndani mna meza mbili, kompyuta mbili, feni inayogeuka upande mmoja tu, na ramani ya mji imebandikwa juu ya ufa ili ufa usionekane. Wazo la kuibandika hapo lilikuwa la shemeji.

Mwalimu akakaa, akaweka mikono kichwani. Soko limepanda. Stesheni imepanda. Mahakama imepanda. Vyote kiasi kilekile, kana kwamba mji umeambizana.

"Pengine setilaiti imeshuka," shemeji akasema.

"Setilaiti haijashuka."

"Pengine mji umepumua."

Mwalimu akanyanyua kichwa. Si kwa sababu ya shemeji, ole wako umpe sifa hiyo. Alikumbuka darasa. Mwanafunzi mmoja akija kulalamika kwamba darasa zima limerefuka kwa usiku mmoja, hupimi darasa. Unakwenda kukagua kiti chake.

"Msumari," akasema.

Hapa nikae chini kidogo nieleze, maana ndipo roho ya mambo ilipo. Setilaiti haikwambii kitu kimesogea kiasi gani hivihivi. Inakwambia kimesogea kiasi gani ukilinganisha na kitu kingine. Kwa hiyo unachagua sehemu moja, unaapa kwamba hiyo haisogei, na mji mzima unapimwa kutoka hapo, kama fundi anavyofunga kamba kwenye msumari kabla ya kuinua ukuta. Kampuni hii iliuita hivyohivyo, Msumari. Na Msumari wao ulikuwa paa la nyumba hii.

Wenzao huchagua Msumari kwa hesabu. Wao waliuchagua kwa heshima. Siku ya kufungua kampuni, baba mkwe aliwapa chumba hiki, akapiga ukuta kwa kiganja, akasema, "Mnatafuta kisichotikisika? Hii nimeijenga kwa mikono hii. Wekeni msumari wenu hapa." Mwalimu angejibu nini? "Asante baba, ngoja kwanza nikupime"? Kosa hili hawezi kulifanya mtu asiye na wakwe.

Mwalimu akaung'oa. Akauhamishia kwenye mwamba wa kilimani, ule wenye mlingoti wa redio, akaiamuru mashine ihesabu upya.

Mashine yao ni ya mtumba na huchora taratibu, mtaa kwa mtaa. Daraja likatokea. Halijasogea. Soko, halijasogea. Stesheni ikarudi chini, mahakama ikarudi chini, mji mzima ukatua kistaarabu. Kisha mashine ikafika kwao, na hapo ikaweka doa jekundu.

Shemeji akalitazama doa. Kisha akatazama sakafu. Kisha akainua miguu yake yote miwili, akaiweka juu ya kiti.

"Tunazama sisi," Mwalimu akasema.

"Kwa hiyo daraja liko sawa," shemeji akasema kutoka juu ya kiti. "Mpimaji yuko sawa. Setilaiti iko sawa. Basi tumepona. Tunakwenda pale tunawaambia tulikuwa tunaisafisha mashine. Nyumba haina haja ya kutajwa."

"Wataniuliza Msumari ulikuwa wapi."

"Waambie mahali fulani."

"Na baba anaendelea kulala mahali fulani?"

Shemeji hakusema hakuna shida. Alishusha mguu mmoja.

Mwalimu akatoka uani. Nimeshaandika humu watu wakikabiliana na majambazi, na sikuona hata mmoja aliyetembea polepole namna ile. Kumwambia fundi kwamba nyumba yake inazama si habari, ni tusi. Kumwambia ukiwa mke wa mwanawe, hilo halina jina.

"Baba, samahani. Nina neno."

"Sema." Randa haikusimama.

"Nyumba inazama."

Randa ikaenda, ikarudi, ikaenda.

"Nyumba yangu haizami," akasema. "Milango inarefuka."

"Baba—"

"Mji unapaa, milango inarefuka. Si ndivyo mashine yako ilivyosema juzi?"

Shemeji, aliyekuwa amewafuata kwa nyuma, akajaribu kusaidia. "Baba, wahenga walisema, usipoziba ufa..."

Baba mkwe akamtazama. Shemeji akawaachia wahenga wamalizie wenyewe.

"Nimejenga mji huu," baba mkwe akasema. Sasa ameiweka randa chini, na sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lilimuumiza Mwalimu. "Watu wanalala kwa sababu ya jina langu. Wakisikia nyumba ya fundi inazama, kila mmoja ataamka akague kuta zake. Nitapita wapi? Nitamsalimia nani?"

"Naelewa, baba. Lakini nisiposema ukweli, kampuni imekufa. Na nikisema nusu, siku nyumba ikidondoka wewe uko ndani."

"Basi kaseme. Lakini ukilisema hilo kwenye kikao, ukirudi hapa usiniite baba."

Mwalimu alitaka kulia, akaona muda hautoshi. Akaingia ndani, akaichukua kompyuta ikiwa bado inachora, akashuka mtaa. Shemeji akafuata na mkataba kwapani.

Saa tisa. Chumba kilekile cha mikutano, kile cha chini ambacho mlango wake unatokea uani. Mhudumu akaufungua mlango kwa mikono miwili, akaufunga kwa nyonga. Mhandisi Mkuu alikuwa amekaa na wajumbe wawili wa bodi ambao hawatasema kitu leo, kwa hiyo usijisumbue kuwakariri. Mpimaji alikuwa kwenye kona yake.

"Haya," Mhandisi Mkuu akasema.

"Daraja halijasogea," Mwalimu akasema. "Mpimaji alikuwa sahihi. Kilichosogea ni mahali tulipopimia."

Akawaeleza Msumari. Mhandisi Mkuu akasikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Ulikuwa wapi huo Msumari?"

"Juu ya paa la nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Hapo ndipo. Shemeji akakanyaga kiatu cha Mwalimu chini ya meza, akakanyaga tena. Angeweza kusema ya jirani. Angeweza kusema ya mtu fulani, mahali fulani, na wote wangekwenda kunywa chai.

"Ya baba mkwe wangu. Ndiyo ofisi yetu pia. Inazama, na mimi nilikuwa nimekaa ndani yake nikiwaambia watu mji unapaa."

Mpimaji akaweka kalamu chini. "Yule fundi?"

"Yule."

"Nyumba yangu amenijengea yeye," Mpimaji akasema, akawa kama anahesabu kitu kichwani.

Mhandisi Mkuu akavua miwani. "Ungeweza kuuhamisha huo Msumari ukanyamaza."

"Ningeweza."

"Huyu bwana hakukushauri hivyo?"

Shemeji akaanza kuchunguza dari.

"Alinishauri," Mwalimu akasema.

"Mimi nina madaraja mengi kuliko watu wa kuyakagua," Mhandisi Mkuu akasema. "Mpimaji ni mmoja. Hawezi kuwa kila mto. Nahitaji mtu wa kunieleza nimpeleke wapi kwanza kabla ya mvua, na mtu huyo siku akikosea nataka anitazame usoni aniambie amekosea. Wengi wanaokuja hapa na ramani hawajawahi kukosea maishani mwao, na ndiyo maana nawaogopa." Akaufunua mkataba ulioko mezani. Akachomoa kalamu.

Shemeji akaanza kutabasamu, jino moja baada ya jingine.

Kalamu ikasimama hewani. Mhandisi Mkuu alikuwa anaitazama kompyuta, ambayo muda wote huo ilikuwa inaendelea na kazi yake bila kusikiliza maneno ya watu.

"Mwalimu. Huu wekundu unakwenda wapi?"

Doa halikuwa doa tena. Lilikuwa limetoka nyumbani kwa baba mkwe, likaingia barabarani, likawa linashuka mtaa jengo kwa jengo, na mashine bado inachora.

"Asubuhi uliniambia mtaa huu umetulia," Mhandisi Mkuu akasema. "Uliniambia jengo hili halijasogea hata unywele."

Mwalimu akaivuta kompyuta karibu. Lile la mfukoni, msomaji, litoe sasa. "Nilisema limetulia ukilinganisha na nyumba yetu," akajibu polepole. "Na nyumba yetu ilikuwa inashuka. Kitu kinachoonekana kimetulia ukikipima na kinachoshuka..."

Hakumaliza. Mlango ulikuwa unagongwa.

Ukasukumwa, ukakwama, ukasukumwa kwa bega, ukaingia ukikwaruza sakafu. Baba mkwe. Maranda kwenye nywele, randa mkononi. Nyuma yake mhudumu alikuwa anaeleza kwamba amemkataza.

Mwalimu akasimama. Alijua amekuja kumkana mbele za watu.

Lakini mzee hakumtazama. Hakusalimia, yeye ambaye husalimia hata paka. Alichuchumaa mlangoni, akapitisha vidole kwenye ubao wa chini, huku na huku.

"Mlango huu umepigwa randa sana," akasema.

"Kila ukikwama," Mhandisi Mkuu akajibu. "Mhudumu ana fundi wake anayemwita. Anasema mbao imevimba."

"Fundi huyo ni mimi."

Shemeji akaacha kutabasamu katikati.

"Nilikuwa nauchonga wa jikoni," baba mkwe akasema, bado amechuchumaa. "Nikakumbuka huu nimeuchonga palepale, kona ileile. Na wa duka la viatu hapo juu. Na wa kinyozi. Mtaa mzima nimepita na randa. Nilijua, tangu wa kwanza nilijua, lakini niliona aibu, nikaona heri nikate milango." Akainua macho. "Mwanangu, mashine yako inasemaje hapa tulipo?"

Mchoro ulikuwa umewafikia. Jengo la Idara lilikuwa jekundu sawasawa na nyumba yao.

"Panazama, baba." Neno lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba amekatazwa.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakumkataza. "Basi toa watu."

Walitoka uani bila fujo, kama watu wanaokwenda kupiga picha ya pamoja. Makarani wakatoka, mhudumu akatoka na chai yake. Mwalimu alisimama karibu na baba mkwe, na mzee akamshika mkono juu ya kiwiko na kuuacha mkono hapo. Sasa Mwalimu akalia, kidogo, maana muda ulikuwepo.

Mhandisi Mkuu akasimama kando ya gari lake, akaitazama ofisi yake kwa muda mrefu. Kisha akaweka jalada juu ya boneti, kama meza.

"Nasaini hapahapa," akasema. "Na mtaanza na mtaa huu. Mkataba uko wapi?"

Mwalimu akatazama mikono yake. Ina kompyuta. Akamtazama Mpimaji. Mpimaji ana darubini. Mkataba ulikuwa mezani, ndani, palepale ulipofunuliwa.

"Hakuna shida," shemeji akasema, na alikuwa ameshafika mlangoni.

"Rudi," baba mkwe akasema.

Hakurudi. Aliingia, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, mpaka mwisho, bila nyonga ya mtu.

Baba mkwe akauachia mkono wa Mwalimu. "Haujakwaruza," akasema. "Sakafu imeshuka."

Kitasa kikageuka. Kikarudi. Kikageuka tena, kwa nguvu zaidi, na mlango haukujongea, fremu imeubana. Kisha kutoka ndani ikaja sauti ambayo jamaa, majirani na wateja wote wa kampuni walikuwa hawajawahi kuisikia ikitamka maneno haya.

"Shemeji," ikasema. "Kuna shida."